Shemeji Fagio na Sauti ya Dirisha

Mume wa mdogo wangu anaitwa Fagio, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Tulimpa sisi kazini, naye akalipokea kwa furaha, akadhani ni sifa. Ndivyo alivyo. Mtukane taratibu, kwa uso mkunjufu, atakushukuru.

Siku alipokuja nyumbani kwetu kujitambulisha, wazee wakiwa bado wanasalimiana, yeye alitoka mlangoni akapanga viatu vya watu. Tukasema, loo, kijana ana heshima. Kumbe kiatu cha mjomba kilikuwa na kisigino kilichochanika, akakiona hakifai, akakitia kwenye pipa la taka pamoja na mwenzake. Mjomba alirudi kwake na kandambili zangu za bafuni. Mimi siku ile ile nilimwambia mdogo wangu, "Huyu mtu atakutupa." Akanijibu kwamba nina wivu.

Nyumbani kwao sasa huwezi kuweka kitu mezani ukageuka. Mdogo wangu aliacha gauni alilokuwa akilishona juu ya kiti, akaenda kuoga, kurudi limeshatoka. "Halikuwa na mikono," bwana mkubwa akasema. Lilikosa mikono kwa sababu lilikuwa linashonwa, we kichwa maji! Mfuniko uliopotewa na sufuria yake, kiatu ambacho mwenzake yuko kwa fundi, picha ya mama yetu iliyotoka kwenye fremu, vyote amevitupa. Kauli yake ni moja, huisema amekunja mikono kifuani: "Kitu kisicho na mahali pake ni takataka." Siku hizi mdogo wangu anahamishia vitu vyake kwangu, sanduku baada ya sanduku, utadhani anakimbia vita. Na mtaani wanamsifu mumewe: mwanamume msafi, hanywi, hapigi kelele. Nami huwajibu kwamba hata jiwe halinywi.

Balaa langu ni kwamba huyu si shemeji tu. Tunafanya kazi ofisi moja, ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira hupanda ngazi kabla yetu. Tunatengeneza mashine za foleni, zile unazozikuta hospitalini na benki: unabonyeza, unapewa karatasi yenye nambari, unakaa, halafu sauti inaita, "Nambari arobaini na tatu, nenda dirisha la pili." Kazi yangu ni kuijaribu programu na kukata sauti, yaani kugawa zilizorekodiwa kuwa vipande vya kutumika. Fagio ni mtunza ghala.

Ghala hilo si la magunia. Ni mfumo unaotunza kila toleo la programu tunayoandika, ili mtu akiharibu leo turudi kwenye ile ya jana. Lakini mfumo hautunzi kitu ambacho hujauambia ukitunze. Faili lazima uiandikishe kwanza. Ambayo haijaandikishwa inakaa tu ndani ya folda pamoja na nyingine, inaonekana, inafunguka, inafanya kazi yake, ila mfumo hauijui. Faili za namna hiyo sisi tunaziita wageni.

Na niseme ukweli, mfumo wenyewe una adabu. Ukiuuliza hali, unakutajia wageni waliomo, unakuambia hawa siwajui, basi, hauwagusi. Ukitaka kurudi kwenye toleo la zamani na mgeni amekaa njiani, unagoma: siwezi kupita, nitamkanyaga mtu, mwondoe kwanza wewe mwenyewe. Ipo amri ya kufagia wageni wote, ndiyo, lakini hata hiyo ukiiandika kavukavu inakataa. Inataka uongeze neno la kuonyesha kwamba umekusudia. Waliouunda mfumo huo walijua jambo ambalo kina mama walitufundisha tungali wadogo: usichokijua si chako kukitupa.

Fagio aliona huo ni usumbufu. Akajitengenezea amri yake fupi, akaiita fagia, na lile neno la kukusudia akalifungia humo humo likae daima, pamoja na ruhusa ya kufuta folda nzima nzima bila kuuliza wala kuonyesha kinachofutwa. Programu ikikataa kujengeka ianze kazi, fagia. Kompyuta ikiwa nzito, fagia. Akigombana na mkewe, nadhani, fagia. Na kinachofutwa kwa njia hiyo hakipitii kwenye kapu la taka la kompyuta. Kinapotea moja kwa moja. Nilimwambia, "Shemeji, iko siku utafagia na miguu ya watu." Akacheka.

"Anayetaka faili yake aiandikishe," akasema. "Mimi siendeshi nyumba ya wageni."

Sasa Dirisha. Ni dada wa mapokezi pale ofisini, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo, tulivu, isiyo na haraka. Mtu akipanda zile ngazi amefura kwa hasira, yule dada akimwambia "karibu", anajikalia mwenyewe. Ndiyo maana mashine zetu zote zinaongea kwa sauti yake. Aliporekodi nambari zote na madirisha yote, watoto wa mtaani kwake wakaanza kumwita Dirisha, nasi tukafuata.

Wakati wa kurekodi aligombana na Fagio mara moja. Maneno ya mashine aliyaandika Fagio, na kwa mtu atakayeingiza kadi ya hospitali isiyojulikana aliandika hivi: "Samahani. Hutambuliki. Toka kwenye foleni."

"Kaka, hii haisemeki," Dirisha akamwambia. "Mtu anaumwa, amejikokota mpaka hospitali, halafu mimi nimwambie atoke kwenye foleni?"

"Mashine haina undugu."

"Mashine haina. Lakini sauti ni yangu."

"Soma kilichoandikwa, dada."

Akasoma. Aliyasoma maneno yale ya kishenzi kwa upole ambao ukifukuzwa nao unaweza kudhani umekaribishwa chai. Nikaikata, ikaandikishwa ghalani, ikaenda kwenye mashine.

Mwaka uliofuata sauti ile ikaanza kukwaruza. Tulidhani mafua. Daktari akachungulia, akamrudisha, akachungulia tena, mwishowe akamwambia: kuna uvimbe mbaya kooni, na ili apone ni lazima koromeo lote litolewe. Atakula, atatembea, atafanya kazi. Hatazungumza tena.

Dirisha hakulia mbele yetu. Alisema jambo moja tu: "Mama yangu haoni." Mama yake anaishi mbali, macho yalishakufa zamani, na kila jioni wanaongea kwa simu. Huwezi kumwandikia ujumbe mtu asiyeona. Na simu ikimsomea, itamsomea kwa sauti ya nani?

Hapo nikapata wazo. Siku hizi kuna programu ambazo ukizilisha sauti ya mtu ya kutosha zinajifunza, kisha mtu anaandika na simu inasema kwa sauti yake ile ile. Lakini zinataka maongezi ya kila namna. Nambari na madirisha havitoshi. Mkurugenzi akaruhusu. Basi katika siku zilizobaki kabla ya upasuaji, kila mchana Dirisha alikuwa akiingia kwenye kile chumba chetu kidogo cha kurekodia, chenye magodoro ukutani. Alisoma magazeti. Alisoma maelezo ya dawa zake. Halafu akachoka kusoma, akaanza kusema ya kwake. Alimwita mama yake kwa namna zote anazomwita: anapombembeleza, anapokasirika, anapotaka kitu. Alisema, "Mama, umekula?" Alisema, "Mama, usinizeeshe kabla ya siku zangu!" Nikamwomba acheke. Akaniambia, "Nicheke nini mbele ya godoro, we mwanamke?" na hapo akacheka kweli kweli, mpaka akakohoa. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ni yeye mtupu.

Nilizihifadhi kwenye kompyuta ya chumba kile, ndani ya folda ya mradi, maana programu yetu ya kukata sauti haisomi pengine popote. Nikataka kuziandikisha ghalani. Fagio akazikataa. Alikuja mpaka mezani kwangu kunielimisha, akavuta na kiti.

"Ni nzito, na si za mradi. Ghala si stoo ya familia."

"Shemeji, ni sauti ya mtu."

"Basi ikae nje ya ghala."

Ikakaa nje ya ghala. Kwa kinywa chake mwenyewe aliifanya mgeni, na naomba hilo lisisahaulike, kwa sababu yeye alilisahau upesi sana.

Siku ya upasuaji nilifika kazini asubuhi na diski mkobani. Nilikuwa nimemaliza kukata kipande cha mwisho, nataka kunakili vyote nivipeleke kwa wale wenye programu. Unaniuliza kwa nini sikunakili mapema? Kaulize kwanza kwa nini mtu anafagia chumba asicholala. Nikawasha kompyuta. Folda haipo. Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Faili za programu zimo zote, nadhifu, zimejipanga. Sauti hakuna hata moja.

Fagio alikuwa mezani kwake, anakunywa chai.

"Kile chumba umekigusa?"

"Nilifagia asubuhi. Programu ilikuwa haijengeki."

"Ulipofagia ikajengeka?"

"Hapana," akasema, na akapuliza chai yake. "Kumbe nilisahau nukta mkato mwisho wa mstari."

Jamani! Nukta mkato!

"Folda ya Dirisha iko wapi?"

Hapa ningependa umtazame vizuri huyu mtu. Alinyanyua macho, na niliona kabisa kwamba ameelewa. Rangi ilimtoka. Kikombe kikatua mezani chenyewe. Nafasi ya kuwa binadamu ilikuwa imefunguka mbele yake, pana, mlango wazi. Akafungua kinywa, akasema: "Ilikuwa haijaandikishwa."

Mwenzetu yuko chali, wanampasua koo saa ile ile, na hili jitu zima linaniambia haijaandikishwa! Nilimpa maneno ambayo sitayarudia hapa, maana mdogo wangu atasoma. Fundi wa duka la matairi alipanda ngazi na spana mkononi, akidhani tumevamiwa.

Nikapiga simu hospitali. Nilitaka wamcheleweshe kidogo tu, niende na kinasa sauti, aseme hata "mama". Muuguzi akanijibu taratibu kwamba mgonjwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Tukamwita mtaalamu wa kufufua faili, akaitumbulia macho ile kompyuta kutwa nzima, akatoka anatikisa kichwa: diski za siku hizi zinajipangusa zenyewe kitu kikifutwa. Tukakusanya jumbe zake za sauti kwenye simu zetu, "niko njiani", "nimefika", "sitaki", zimejaa honi na upepo. Wale wenye programu wakazijaribu, ikatoka sauti ya bata. Maji yakimwagika hayazoleki, hata uwe na fagio.

Mkurugenzi akatuita. Ni mtu anayependa amani kiasi kwamba hata ukikanyagwa anakuomba usipige kelele. Akasema kukosea ni ubinadamu, akamwagiza Fagio aandike utaratibu mpya ili jambo lile lisijirudie. Akauandika, akaubandika ukutani: "Wafanyakazi wanakumbushwa kuandikisha faili zao kwa wakati." Nilirudia kusoma nikidhani macho yangu yana kasoro. Nikaubandua, nikaukunja mara nne, nikauweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Pale angalau ulifaa kitu.

Kisha nikaifungua ile amri yake nikaiandika upya. Sasa ukifagia, wageni hawafutwi. Wanahamishiwa kwenye kapu, unaonyeshwa nani na nani, na wanakaa humo mpaka mwenyewe aulizwe. Fagio akalalamika kwamba kapu litajaa. Likijaa tutatafuta kapu kubwa! Mfumo wowote wa kutunza kazi za watu ungepaswa kufanya hivyo bila kuombwa. Usiyemjua muulize, asipojibu mweke pembeni, lakini usimchome moto. Hilo nalo linahitaji shahada?

Nyumbani, mdogo wangu aliyasikia yote kutoka kwangu, maana mumewe alimwambia tu kwamba kazini kulikuwa na hitilafu. Hakugomba. Shemeji yangu ana sanduku moja asilolifagia, liko chini ya kitanda, limejaa nyaya: za simu zilizokufa, za redio ambayo haipo, nyingine hata yeye hajui ni za nini. "Zitafaa siku moja." Asubuhi moja mdogo wangu akalitoa pamoja na taka, gari likapita. Bwana mkubwa akatimua mbio barabarani na singlendi, anapiga mayowe, "Hujaniuliza! Hujaniuliza!" Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mdogo wangu alinisimulia akicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikuweza kucheka sana.

Maana kazi ya kumwambia Dirisha iliniangukia mimi. Alikuwa kitandani, bandeji shingoni, simu mkononi ya kuandikia. Nikamweleza bila kuzungusha. Akanitazama. Akaandika: "Zote?" Nikasema zote. Akaandika: "Na kicheko?" Nikaitikia kwa kichwa, naye akageukia ukutani.

Kilichobaki ni kile kilichokuwa ghalani: nambari, madirisha, "Karibu", "Tafadhali subiri", "Asante kwa kusubiri", na ile ya kadi isiyojulikana. Nikamwekea vyote kwenye simu, kila kauli na kitufe chake. Mengine anaandika, na simu inayasema kwa sauti iliyokuja nayo kutoka kiwandani, sauti ya mwanamke fulani asiye na ndugu, anayesema kila kitu kama anasoma taarifa ya habari.

Nilikuwepo alipompigia mama yake mara ya kwanza. Mama alikuwa anajua habari za upasuaji. Alikuwa ameambiwa pia, na mimi mwenyewe, nikijigamba, kwamba simu itaongea kwa sauti ya mwanawe. Ndiyo aliyokuwa akiingoja. Dirisha akaandika, simu ikasema: "Mama, ni mimi."

"Wewe nani?" mama akauliza.

"Mama, ni mimi mwanao."

"Sikujui, dada. Hiyo simu ni ya mwanangu. Mpe aongee mwenyewe. Yuko wapi? Mmemfanya nini mwanangu?"

Dirisha akahangaika na vile vitufe. Akabonyeza.

"Tafadhali subiri."

Halafu mama akashusha pumzi, akasema, "Haya, mwanangu. Niko hapa. Nasubiri."

Hadi leo wanaongea hivyo. Yule mwanamke wa kiwandani anasema habari, na Dirisha anapachika "karibu" yake au "asante kwa kusubiri" katikati, mama ajue nani ameshika simu. Siku nyingine anabonyeza nambari tu, sitini na moja, arobaini na tatu, na mama anazipokea zote kwa "naam". Ndicho walichoachiwa.

Muda wote ambao Dirisha alikuwa hospitalini, Fagio hakwenda kumwona. Alidai harufu ya dawa inamletea kizunguzungu, maskini. Dirisha aliporudi kazini, akaketi mapokezi na simu yake mbele yake, sote tulikwenda kumzunguka, hata fundi wa matairi alipanda. Fagio alikuja wa mwisho. Shati limepigwa pasi, mikono kifuani. Ulikuwa unaiona kabisa hotuba aliyoiandaa imemkaa shingoni. Na hakusema nisamehe. Alisema:

"Dada, kwa upande wangu nasikitika kwa kilichotokea. Ila kitaalamu, mfumo haukuwa na njia ya kujua kwamba..."

Dirisha akainamia simu. Akatafuta kitufe bila haraka. Akabonyeza, na sauti yake ikatoka, ile ya kabla ya kukwaruza, nzito kidogo, tulivu, yenye upole wote wa siku ile aliyolazimishwa kusoma:

"Samahani. Hutambuliki. Toka kwenye foleni."

Hakuna aliyecheka. Fagio alibaki masikio yamemwiva, mikono imemshuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeona hajui aiweke wapi.

"Dada," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "ni mimi."

Dirisha akabonyeza kile kile tena.